Saadani na Walioitwaa



Miji ya pwani yetu iliyotwaliwa kwa mizinga ni mingi, na kila mmoja una kisa chake. Lakini katika visa hivyo vyote, twaona kisa cha Saadani ndicho kisemwacho kidogo kuliko vingine. Vijana wetu waijua Bagamoyo kwa misafara, waijua Pangani kwa Abushiri bin Salim, waijua Kilwa kwa magofu yake. Saadani waijua kwa simba na tembo, kwa kuwa siku hizi ni jina la hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005, na wageni huja kutoka mbali kuwatazama wanyama wakishuka mpaka ufukoni. Kwamba palikuwa na mji wa bandari mahali pale, wenye mkuu wake na wazee wake, na kwamba mji huo ulitwaliwa na majeshi yaliyotoka baharini mara mbili katika muda wa miaka 27, hilo wengi hawakulisikia.

Twataka kulisema leo, wala si kwa kutaka kuwachukia Wajerumani wa zama hizi, ambao hata babu zao hawakuwa wamezaliwa siku zile. Twalisema kwa sababu ya swali moja ambalo limekaa nasi kwa miaka mingi, nalo ni hili: waliotia mguu ufukoni na kuutwaa mji ule walikuwa ni nani?

Saadani iko kaskazini ya Mto Wami, imeelekeana na kisiwa cha Unguja. Zamani misafara ya Wanyamwezi ilishuka huko na pembe za ndovu, na Uzigua iliyo nyuma yake ilileta nafaka, na majahazi yakavusha vyote hivyo kwenda ng'ambo. Mwenye mji katika siku tuzisemazo alikuwa Bwana Heri bin Juma. Huyu alikuwa Mwislamu, mtu wa Mrima na wa Uzigua pamoja, mwenye biashara na Unguja na mwenye kuuheshimu ufalme wa Unguja, lakini hakuwa liwali wa mtu. Mwaka 1882 majeshi ya Sayyid Barghash yalipoletwa juu yake, aliyarudisha yalikotoka. Basi tukikumbuka hayo tutafahamu uzito wa jambo lililofanyika tarehe 28 Aprili 1888, siku ambayo Sayyid Khalifa bin Said, akiwa amebanwa na madola, alitia mkono wake katika mkataba wa kuiachia kampuni ya Kijerumani kuitawala pwani kwa muda wa miaka 50. Saadani ilihesabiwa ndani ya pwani hiyo. Bwana Heri hakuulizwa, wala hakuwa ameuza kitu.

Mwezi wa Agosti mwaka ule, Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita, walikuja kushika miji. Yaliyotokea Pangani yajulikana: ilikuwa ni siku zile zile za Idi ya Hajj, na mkubwa wao wa huko, Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, aliwateremsha askari wa manowari wamsake liwali, wakaingia msikitini na viatu vyao na mbwa wao. Watu hustahimili kodi, hustahimili bendera ngeni, hustahimili hata maneno makali. Msikiti kuingiwa na mbwa siku za Idi hawakustahimili. Ulipofika mwezi wa Septemba pwani nzima ilikuwa imewaka, tangu Tanga mpaka Mikindani, na kampuni ikabakiwa na Bagamoyo na Dar es Salaam tu, nayo huko ikijificha nyuma ya mizinga ya meli.

Hapo ndipo serikali ya Ujerumani ilipoingia yenyewe. Mwezi wa Januari 1889 baraza lao lilitoa marki milioni 2, na Hermann von Wissmann akapewa kazi ya kuitiisha pwani. Alikuwa na maofisa, alikuwa na mizinga, alikuwa na fedha, ila watu wa kupigana hakuwa nao, kwani Mzungu asiyeizoea nchi hii alilazwa na homa kabla hajalazwa na risasi. Basi alikwenda Kairo. Huko aliwakuta Wasudani waliokuwa askari wa Khedive wa Misri, ambao tangu Khartoum ilipoanguka mikononi mwa jeshi la Mahdi mwaka 1885 walikuwa wamekaa bila ya nchi na bila ya kazi, na wake na watoto wakiwatazama. Aliwaandika 600 hivi, wakaja pamoja na jamaa zao. Akaongeza na mamia ya watu kutoka nchi ya Wareno huku kusini, ambao waliitwa Wazulu.

Wale Wasudani walikuwa Waislamu. Tunalikariri neno hili kwa sababu vitabu vingi hulipita mbio. Jeshi lililokuja kuwapiga watu waliochukia msikiti wao kuingiwa na mbwa, sehemu yake kubwa lilikuwa ni la watu wanaoswali.

Vita vyao vikubwa vya kwanza vilikuwa tarehe 8 Mei 1889, walipolivunja boma la Abushiri karibu na Bagamoyo, na watu wapatao mia wakauawa humo. Tukiihesabu miezi, tarehe hiyo iliangukia katika siku kumi za mwanzo za Ramadhani ya mwaka 1306. Waliokuwa ndani ya boma walikuwa katika mwezi wa saumu, na waliopanda juu ya boma walikuwa katika mwezi huo huo.

Tulipokuwa tukiwasomesha vijana wa nyumbani kwetu khabari hizi, mmoja wao, kijana mwenye umri wa miaka kumi na mitatu, alituuliza: "Na hao Wasudani, siku hiyo walikuwa wamefunga?" Wenzake walicheka, sisi hatukucheka. Msafiri ameruhusiwa kula na kulipa, na askari aliye safarini ana ruhusa yake. Tungeweza kumjibu hivyo kwa kifikihi na shauri likaisha. Lakini kijana hakuwa akiuliza fikihi. Alikuwa akiuliza namna gani mtu aamke daku, anuie saumu, kisha achukue bunduki ya mwajiri wake aende akamuue mwingine aliyeamka daku na kunuia kama yeye. Tulimwambia kwamba watu wale walikuwa na njaa, na kwamba mshahara humfikisha mtu mahali ambapo hasira peke yake isingemfikisha. Aliyanyamazia maneno yetu. Nasi twaona alikuwa na haki ya kuyanyamazia, maana ni maelezo ya kweli lakini hayamtoi mtu katika hesabu yake.

Zamu ya Saadani ilifika mwanzoni mwa mwezi wa Juni, juma moja hivi baada ya Idi-el-Fitri. Manowari zilisimama mbele ya mji zikaupiga mizinga, kisha mashua zikateremsha askari. Mji wa Saadani haukuwa na kuta kama Mombasa wala ngome kama Kilwa Kisiwani. Nyumba zake nyingi zilikuwa za udongo na makuti, na mzinga wa manowari haukuwa na kazi kubwa hapo. Bwana Heri na watu wake walipigana kwa kadiri walivyoweza, kisha wakarudi nyuma katika misitu, na askari walipoingia waliukuta mji hauna watu. Wakautia moto.

Msomaji apunguze mwendo hapa kidogo, kama sisi tulivyofanya. Mji uliochomwa wiki moja baada ya Idi ni mji ambao nguo za Idi bado hazijakunjwa. Wako wanawake wanaolipa saumu zao, wako wenye kufunga sita za Shawwali. Vitabu vya vita vyatuambia habari ya meli na mizinga, na majina ya maofisa, na idadi ya majeruhi wa upande wao. Vyatuambia kwamba mji ulikuwa mtupu. Lakini mji wa bandari hauwi mtupu wenyewe. Kuna watu walioutoa utupu ule kwa miguu yao, usiku au alfajiri, na vikongwe mgongoni, na mitungi, na watoto, na msahafu uliofungwa katika kitambaa. Hao hawana ofisa wa kuwaandika. Kama katika nyumba yako yuko bibi mwenye masimulizi ya namna hiyo aliyoyapokea kwa mama yake, kaa naye uyaandike mwezi huu huu.

Bwana Heri hakuwa mtu wa kushindwa kwa kuchomewa nyumba. Alijenga boma la miti huko Mlembule, bara kidogo ya Saadani, akalizungushia miiba. Wakati huo mambo ya pwani yalikuwa yamekwisha geuka: Pangani na Tanga zilitwaliwa mwezi wa Julai, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Kwa watu wengi vita vilikuwa vimekwisha. Mwisho wa mwezi ule ule wa Desemba askari walilishambulia boma la Mlembule, nao wakarudishwa. Ikambidi Wissmann aje mwenyewe na mizinga, na tarehe 4 Januari 1890 ndipo boma lilipoanguka. Bwana Heri akatoka, akajenga jingine mahali paitwapo Palamakaa, nalo likavunjwa mwezi wa Machi.

Kilichomshinda baada ya hapo hakikuwa mzinga. Ilikuwa njaa. Mashamba yalikuwa yameachwa, ghala zimechomwa, njia ya Unguja imefungwa na meli, na watu waliomfuata na wake zao walikuwa wakila mizizi ya mwituni. Basi mwanzoni mwa mwezi wa Aprili 1890, Bwana Heri alishuka na watu wake mpaka kwenye majivu ya mji wake, akapatana na Wissmann. Hakunyongwa. Aliambiwa aujenge tena mji wa Saadani, na waliomwambia ni wale wale waliouchoma. Kwa hesabu ya mwezi, siku hizo zilikuwa za Nisfu Shaabani, na Ramadhani ilikuwa imebakiza wiki mbili.

Wako vijana wasomao khabari hii wakasema: Abushiri alikuwa dume, Bwana Heri aliogopa. Tumewasikia wakisema hivyo barazani, nasi hatukubaliani nao. Mtu aliyewarudisha askari wa Sultani, akarudisha askari wa Mdachi, akajenga boma juu ya boma baada ya mwenzake kunyongwa, huyo hana haja ya kushuhudiwa ushujaa. Kilichobaki mkononi mwake mwezi ule wa Shaabani kilikuwa ni roho za watu. Angeweza kufa pamoja nao na jina lake likaimbwa zaidi. Aliona afadhali wao wale na yeye asemwe. Mtume wetu (s.a.w.) alipokubali mapatano ya Hudaybiya katika mwaka wa 6 wa Hijra, masharti yake yaliwachoma masahaba nyoyo zao, hata Sayyidna Umar (r.a.) hakuweza kuificha huzuni yake. Hatusemi kwamba Saadani ilikuwa Hudaybiya, la hasha. Wala Wissmann hakuwa mtu wa mapatano ya sawa kwa sawa. Twasema tu kwamba mwenye kuongoza watu hupimwa kwa mizani isiyokuwa ya mwenye kupigana peke yake.

Na kwa kuwa tumeshika mizani, haifai tupime upande mmoja. Katika vita vile watu wa upande wetu nao walifanya mambo ambayo sharia haiyaruhusu. Mwezi wa Januari 1889 watu wa Abushiri waliishambulia misheni ya Pugu wakawaua watawa waliokuwamo, na mmojawapo alikuwa mwanamke. Mwezi huo huo mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa akishuka kutoka bara aliuawa karibu na Saadani yenyewe. Hawakuwa askari. Kila mtoto wa chuoni amefunzwa wasia wa Sayyidna Abubakari (r.a.) kwa jeshi lake, kwamba wanawake na watoto na wazee wasiguswe, na watu waliojitenga kwa ibada waachwe na ibada yao. Na tukisema kweli yote, baadhi ya wakubwa wa pwani waliopigania nchi walikuwa wakipigania pia biashara ya watumwa waliyoiona inataka kuponyoka. Tumeona waandishi wengine wakiyaficha haya ili kisa kipendeze. Kinyume chake kiko pia: misheni ya Bagamoyo ilijaa maelfu ya watu waliokimbia vita, Waislamu na wasio Waislamu, na Abushiri, ambaye kambi yake ilikuwa karibu, hakuigusa.

Saadani ilipokwisha, zikafuata bandari za kusini. Mwezi wa Mei 1890, na ilikuwa Ramadhani tena, Wissmann aliipiga Kilwa Kivinje mizinga akaitwaa, kisha Lindi, kisha Mikindani, zote katika muda wa siku chache. Jeshi lilikuwa ni lile lile.

Bwana Heri aliujenga mji wake kama alivyoahidi. Mwaka 1894 ugomvi ukafufuka baina yake na Wajerumani, na mwisho wake akavuka kwenda Unguja. Huko ndiko alikofia. Ama Saadani haikupata tena nguvu zake. Mwaka 1891 makao ya serikali yaliondolewa Bagamoyo yakapelekwa Dar es Salaam, na reli ilipoanza kujengwa kutoka huko mwaka 1905, hata ikafika Kigoma mwaka 1914, msafara wa miguu haukuwa na sababu ya kushuka Saadani tena. Twaona reli iliumaliza mji ule kuliko manowari, ingawa reli haikumwaga damu ya mtu wa Saadani.

Sasa tuseme juu ya mara ya pili. Vita Vikuu vilipokuja mwaka 1914, Sultani wa Uturuki aliyekuwa upande wa Wajerumani alitangaza jihadi, na Wajerumani wakalieneza tangazo hilo kati ya Waislamu wa nchi hii, wakiwa wao wenyewe ni watawala wa Kikristo. Ng'ambo ya pili, Sayyid Khalifa bin Haroub wa Unguja alikuwa pamoja na Waingereza. Mwislamu wa Mrima akawa anavutwa mkono huku na mkono huku, kila upande ukimwambia kwamba dini iko kwake. Na ndani ya majeshi yenyewe hali ilikuwa ni ile ya mwaka 1889, ila imezidi: katika askari wa Kijerumani walikuwamo wana wa Wasudani wa Wissmann, na katika askari wa Kiingereza, katika King's African Rifles, walikuwamo Wasudani wengine, ambao leo jamaa zao wajulikana Kenya na Uganda kwa jina la Wanubi.

Waingereza walishuka na bandari moja baada ya moja kutoka kaskazini: Tanga tarehe 7 Julai 1916, Pangani tarehe 23, na Saadani tarehe 1 Agosti. Tumeutazama mwandamo wa mwezi wa mwaka ule, 1334, na tarehe 1 Agosti yaangukia siku ya Idi-el-Fitri yenyewe, au ikiwa mwezi ulionekana mapema, siku ya pili yake. Manowari zilikuja Saadani kwa mara ya pili katika siku za Idi.

Safari hii hapakuwa na Bwana Heri. Hapakuwa na boma la miiba, wala mapigano makubwa. Wajerumani walikuwa wachache na wakaondoka, Waingereza wakashuka, bendera ikabadilishwa. Bagamoyo ilipigwa mizinga tarehe 15, na tarehe 4 Septemba Dar es Salaam ikasalimu. Watu wa Saadani hawakupigana kwa kuwa hapakuwa na upande uliokuwa wao. Kilichowafika ni kile kilichoifika nchi nzima: vijana kukamatwa upagazi, na nafaka kuchukuliwa. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo, kwa njaa na kwa kuhara zaidi kuliko kwa risasi, walikuwa makumi ya maelfu, na Kariakoo ya Dar es Salaam yachukua jina lake kwa kikosi chao. Wengi wanaonunua samaki pale kila siku hawajui kwamba wanatamka jina la jeshi.

Wazee walituambia kwamba wale Wasudani wa kwanza, mikataba yao ilipokwisha, si wote waliorudi Misri. Wengine walibaki pwani hii, wakaoa, wakajenga, wakasomesha watoto wao chuoni pamoja na watoto wa watu waliokimbia mizinga. Hapana mtu aliyewaomba radhi wenyeji, wala wenyeji hawakuidai kwa mdomo. Hakuna siku iliyotengwa kwa ajili ya sulhu. Wajukuu walikutana tu katika safu, kisha katika harusi, kisha katika makaburi. Mtaani kwetu yuko mzee mmoja wa asili hiyo, mwenye kuamka mapema kuliko sote. Na mwezi wa Ramadhani, kabla vipaza sauti havijafika, ndiye aliyekuwa akipita mlango kwa mlango na kigoma chake kutuamsha daku.